Chanjo ya Jumanne

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Mayai themanini na sita leo, kuku mia na kumi. Si haba kwa joto hili. Moja ganda laini, limenipasukia mkononi. Chokaa imepungua kwenye chakula, najua. Mume wangu Gregori kachanganya pumba na mashudu bila kupima. Nikamwambia. Akasema, kwani mie bwana mifugo? Basi nikayaacha. Tangu wampunguze kiwandani ukimgusa kidogo tu anawaka.

Jioni jirani yetu Bi Chausiku kapita na bakuli la mayai yake, kubwa kubwa, kayafunika kwa kanga kama mtu aliyebeba mtoto. Kuku wake arobaini tu lakini anawajua mmoja mmoja. Yule mwenye kidole kilichopinda anamwita Bibi Harusi! Nimecheka. Mie wangu nawahesabu tu.

Anawauzia mama wa vitumbua na duka la kona. Ndiyo sukari yake hiyo, mafuta ya taa, kila kitu. Mumewe marehemu, watoto hakujaliwa. Hapa hapa Yombo ndipo alipozaliwa, wakati ni mikorosho mitupu.

Na ni mie niliyemwingiza kwenye kuku wa kisasa. Nilimwambia, mama, hao kienyeji sita watakupa nini? Akasema, "Ukisema wewe mwalimu, mie nafuata." Akauza cherehani yake.

Chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima, imefika muda, miezi mitatu. Jumamosi nakwenda mjini kununua, chupa moja itatutosha wote wawili.


Jumamosi, 8 Oktoba

Nimeipata. Ilibaki chupa moja tu dukani! Muuzaji kaifunga kwenye nailoni, kaitia kwenye chupa yangu ya chai juu ya vipande vya barafu. Kaniambia mara mbili: mama, hii ikipata joto ni maji matupu, usijisumbue kuwapa.

Nimeipeleka moja kwa moja kwenye friji la Leonardi, pale dukani kwake anapouzia maji ya baridi. Kaiweka juu kabisa, kwenye barafu. Kesho baada ya misa tunachanja.


Jumapili, 9 Oktoba

Hatukuchanja. Recho kaamka na homa kali, anatapika. Misa sikwenda. Zahanati toka asubuhi, malaria, sindano. Bi Chausiku kakaa naye kutwa, anamkanda kwa kitambaa cha maji, anamwimbia. Huyu bibi ndiye aliyempokea Recho mikononi usiku ule wa mvua, miaka mitano iliyopita, mkunga hakufika. Mpaka leo anamwita "mjukuu wangu wa kitovu."

Umeme umekatika jana jioni. Mgao. Haujarudi.


Jumatatu, 10 Oktoba

Shuleni wakaguzi. Nimerudi saa kumi na mbili, miguu imevimba. Recho ana nafuu, kala uji. Nimemwambia Bi Chausiku kesho tunachanja, awanyime kuku maji tangu alfajiri na vyombo avioshe kwa maji matupu. Umeme bado. Sikupita kwa Leonardi. Nilitaka kupita, sikupita.


Jumanne, 11 Oktoba

Nimeomba ruhusa shuleni. Asubuhi nimekwenda kwa Leonardi. Duka giza. Kufungua friji, harufu ya samaki aliyeoza. Maji yamejaa chini. Chupa ya chanjo inaelea kwenye bakuli. Nimeishika. Ilikuwa na joto la mkono wangu, kama imetoka mfukoni.

Leonardi akasema pole mwalimu, siku tatu hizi hata mie nimetupa bidhaa. Nikamwambia hamna neno. Hamna neno! Sijui kwa nini nilisema vile.

Njiani nikawa nasema moyoni, nitamwambia Bi Chausiku tusubiri. Dukani mjini wamesema nyingine mwezi ujao, basi tutasubiri, Mungu mkubwa.

Nafika nyumbani – yuko uani kwangu. Kaketi kwenye kigoda. Vyombo vyake vinne vya maji ya kuku kavileta, vimeoshwa vinang'aa, kavipanga na vyangu sita.

Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, marahaba mwanangu. Akasema, "Nimewanyima maji tangu alfajiri kama ulivyonielekeza. Wanalia! Roho inaniuma. Na hivi vyombo nimekuletea vikusaidie, wako wengi, wakinywa wako naenda navyo kwangu." Hapo hapo kachota maji ya kisima, kakoroga na kijiko cha unga wa maziwa wa kuilinda chanjo. Kila kitu tayari. Ananiangalia mkononi.

Nilikuwa na chupa mkononi.

Nikaifungua. Nikamimina. Nikakoroga. Akasema bismillahi.

Kuku walikunywa kwa kiu yote ile, wanasukumana. Na wake vilevile. Bi Chausiku kasimama mlangoni mwa banda anatabasamu, anasema sasa nitalala.

Nimeandika kama ilivyokuwa. Labda haikuharibika yote. Labda ilibaki nguvu kidogo.


Alhamisi, 20 Oktoba

Mayai tisini na moja! Wiki nzima hakuna aliyeugua. Nimeanza kusahau.


Jumatano, 26 Oktoba

Mdondo umeingia Buguruni, kwenye soko la kuku. Mama Rosalia wa mtaa wa nyuma kauza kuku wake wote jana wakiwa wazima. Hakuwachanja, kaogopa. Kaja kumshauri na Bi Chausiku: uza mama, uza mapema, bado wana bei.

Bi Chausiku kakataa. Kasema, "Wangu wamechanjwa. Kawachanja mwalimu."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama pale pale na trei ya mayai. Mama Rosalia kanigeukia, kaniuliza, eti ni kweli? Nikasema ndiyo, tumechanja.

Si uongo. Tulichanja.

Mungu wangu.


Ijumaa, 28 Oktoba

Watatu. Kinyesi cha kijani. Mmoja shingo imepinda, kichwa kinaangalia mgongoni, anazunguka anaanguka anazunguka tena. Mwingine kanyong'onyea pembeni, anavuta pumzi mdomo wazi. Mayai hamsini tu, na manne hayana ganda kabisa.

Nimemweleza Gregori kila kitu, friji, joto, vyote. Hakupayuka. Afadhali angepayuka. Akasema, "Wazima wauzwe kesho alfajiri. Nitamleta yule bwana wa kuku wa kukaanga, ana pikapu. Na usimwambie Bi Chausiku."

Nikamuuliza kwa nini asiambiwe, na wake bado wazima, naye angeuza.

Akasema, "Ukimwambia wake wauzwe, atauliza kwa nini na wamechanjwa. Utamjibu nini?"

Nimelaza watoto bila kusali nao.


Jumamosi, 29 Oktoba

Sabini na wawili wamekwenda, waliokwisha kunyong'onyea tumebaki nao. Mie mwenyewe nimewafunga miguu. Yule bwana hakuuliza kitu, anatazama macho yao na kuwapakia. Gregori kamwambia tunahama. Mchana watakuwa wameliwa mjini na chipsi.

Pikapu ilizimwa taa mpaka ikafika barabarani. Ukuta wa Bi Chausiku uko hatua kumi na tano. Nilimsikia anakohoa, anajiandaa kuswali.

Asubuhi kaja, kaona banda limepungua. Kaniuliza, mwanangu, wamekufa wote hao? Gregori kadakia: tumewazika. Akashika kichwa. Akalia! Kalia kwa ajili yangu, kakaa na mie mpaka mchana. Kanipikia ugali. Nimewapa watoto.


Jumatatu, 31 Oktoba

Umeanza kwake. Watano.

Kaja mbio, kanga imemvuka kichwani, kambeba mmoja kifuani. Ni yule wa kidole kilichopinda. Ananiuliza, "Si wamechanjwa? Mwalimu, si wamechanjwa?"

Nikamwambia wakati mwingine chanjo inashindwa. Nikamwambia awape maji yenye vitamini. Kakimbia kwenda kuwapa.


Jumatano, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Nimekwenda misa, nimetoka katikati.

Kwa Bi Chausiku kumi na tisa leo peke yake. Tumechimba shimo pamoja, mie na yeye, Gregori kasema mgongo unamuuma. Ardhi ngumu, mvua haijanyesha. Yeye anachota udongo kwa sahani ya bati. Kila kuku anamwekea kwa mkono, hawatupi. Nikamwambia mama pumzika, kasema ukipumzika nani atawazika.


Alhamisi, 3 Novemba

Wamekwisha. Arobaini. Hakubaki hata mmoja.

Wangu wagonjwa wengine nao wamekufa, wamebaki kumi na mmoja na wanakula.


Jumamosi, 5 Novemba

Bwana mifugo kaja, Ferdinand, kijana mpole, ana daftari. Anapita nyumba kwa nyumba kuandika vifo. Tulikaa uani kwangu, Bi Chausiku kwenye kigoda, mie kwenye ngazi.

Kauliza, mlichanja? Tukasema ndiyo. Lini? Tarehe kumi na moja. Kaguna. Akasema basi mbona wamekufa hivi, chanjo ilikaa wapi?

Kabla sijafungua mdomo Bi Chausiku akajibu. "Kwenye barafu. Mwalimu kaitoa mjini kwenye barafu, kaiweka kwenye friji. Mie shahidi yake. Huyu hana uzembe."

Ferdinand kanitazama. Nikatazama chini.

Akauliza, na vyombo mliviosha na nini? Nikaona Bi Chausiku anashtuka. Mkono kauweka mdomoni. "Sabuni," akasema. "Niliviosha kwa sabuni. Nilitaka vitakate. Ni kosa kweli?"

Ferdinand kasema, mama, sabuni ikibaki kwenye chombo inaua chanjo, hamkuambiwa? Akasema, "Niliambiwa. Mwalimu aliniambia maji matupu. Nikasahau, baba, nikatia sabuni. Na vyombo vyangu ndivyo nilivyomwazima na yeye siku ile." Halafu akanigeukia, machozi yanamtiririka. "Jovina, mwanangu, nimekuulia kuku zako."

Miaka yote hajawahi kuniita jina langu. Ni mwalimu, au mama Recho.

Ferdinand akaandika. Niliona kalamu inaandika: sabuni.

Na mie nilikaa pale kwenye ngazi. Nilisema nini? Nilisema, "Usilie, mama, ni bahati mbaya." Nilisema hivyo! Nikamshika bega na kumsamehe. Nimemsamehe!

Wakati anaondoka Ferdinand kaniita pembeni ya ua. Kasema taratibu, mwalimu, tarehe nane mpaka kumi na moja Yombo nzima haikuwa na umeme. Nikasema sikumbuki. Akafunga daftari, akapanda baiskeli.

Gregori anasema Mungu katunusuru. Anasema tukae kimya, kijana atasahau, bibi atasahau, mwakani tutaanza upya na vifaranga. Nikamwambia, Bi Chausiku anaamini ni yeye aliyetuharibia maisha mie na watoto. Akasema, bibi mzee, atapona.


Jumapili, 6 Novemba

Mvua hatimaye. Kubwa, imeanza saa saba, uani mto.

Bi Chausiku kaja katikati ya mvua hiyo hiyo, kalowa chapachapa, kashika kitu kwenye ncha ya kanga. Nimemkaribisha ndani, nimempa taulo. Kafungua fundo mezani. Bangili mbili za fedha, za mama yake. Sijawahi kuziona, kumbe alikuwa kazifukia.

Akasema nikaziuze mjini, mie najua kusema na watu. Nusu ni zangu, kufidia kuku wangu aliowaua. Nusu ninunulie vifaranga vyake, hata kumi. "Lakini safari hii utawachanja wewe, vyombo vyako, banda lako. Mie nisiguse kitu. Mkono wangu una nuksi."

Alininyooshea huo mkono nitazame. Una malengelenge ya kuchimba.

Gregori alikuwa kwenye kochi. Akasema haraka, asante mama, tutakufanyia. Na akanyoosha mkono kwenye bangili!

Nikaziwahi. Nikazifunika kwa kiganja. Nikamwambia Bi Chausiku, "Mama, kaa. Kuna neno nataka kukwambia. Kuhusu ile chanjo."

Gregori akaniita, mama Recho! Kwa sauti ile.

Bi Chausiku akatuangalia, yeye na mie, yeye na mie. Akasema, "Neno kubwa?" Nikasema kubwa. Akasema, "Basi ngoja niswali kwanza, alasiri inanipita na mvua hii hainiachii kwenda kwangu." Akaomba maji ya kutawadha. Recho kampelekea kopo, kamtandikia kanga yangu kavu chumbani kwa watoto.

Yuko humo sasa hivi. Pazia linacheza. Gregori kasimama mlangoni, kanipa mgongo, anaangalia mvua. Amesema kitu kimoja tu: ukisema, na wale kuku sabini na wawili utawasema? Moyoni nasema ndiyo. Na hao.

Naandika kwa sababu nikiiacha mikono bure nitatoka nje nikimbie. Bangili ziko mbele yangu. Mabati yanapiga kelele, simsikii vizuri. Recho kakaa chini pembeni yake, namwona miguu.

Kakaa kitako. Anageuza uso kulia.

Sasa kushoto.

Anakunja kanga. Ananiita, naacha kalamu.