Chumba Tulichompimia Kasanga

Kalemie, Jumatano

Papa yangu mheshimiwa,

Ulinifundisha kwamba mtu hatui mzigo wake mlangoni kwa watu kabla ya kuuliza wameamkaje, basi nauliza. Goti lako likoje? Mama anaendeleaje na kikohozi, au bado anabishana na dawa za masista kama anavyobishana na masista wenyewe? Na ile mihogo ya upande wa mlima, nguruwe pori wamewaachia hata kidogo? Mimi nipo. Nakula, nafanya kazi, ziwa ninaloliona asubuhi ni lile lile mnaloliona ninyi Moba. Usimsomee Mama zaidi ya hapo kwanza. Kaa chini, usome yote peke yako.

Kazi iliyonileta huku unaijua, ila sikukueleza ilivyo kwa kuwa niliona haya. Gereza waliloliacha Wabelgiji lilikuwa limechoka, na tribinali, nyumba ya hukumu iliyo jirani yake, ilikuwa inavuja hadi kwenye kiti cha juje. Wakubwa wakataka nyumba hizo mbili ziunganishwe ziwe moja, ili mtu akishahukumiwa apite mlango wa ndani na kuingia kashoo, chumba cha kufungiwa, bila kuliona jua tena. Wakamtafuta mtu anayejua kuchora ramani, nikaonekana mimi, kwa ile shule ya mapadri uliyoniuzia mbuzi. Nilifurahi, Papa. Nilijiona nimekuwa mtu wa biro, wa kukaa ofisini, na kalamu sikioni.

Wafungwa ndio waliotubebea matofali. Kila asubuhi walipangwa mbele ya bendera, waimbe na kucheza kwa ajili ya chama, na asiyeinua goti vya kutosha alipigwa fimbo hapo hapo, kisha akapewa matofali kumi na mawili kichwani huku damu inamtiririka hadi kwenye visigino. Juma la kwanza nilishindwa kula. Juma la tatu nilikuwa nawafokea kwa kuchelewesha udongo. Mmoja wao, mtu wa Niemba aliyefungwa kwa kukosa kadi ya chama, alitupa tofali chini na kukimbilia upande wa mto Lukuga. Walimpiga risasi mbili. Ya kwanza ilimwangusha, ya pili walimpiga akiwa ameshalala. Wenzake wakaamriwa kumfunika kwa mchanga wetu wa lipu, na mchana ule ule tuliambiwa tuutumie mchanga huo, kazi isisimame. Tuliutumia.

Tulipobomoa ukuta wa kashoo ya zamani tulikuta alama za kucha zilizokwangua chokaa mpaka kwenye tofali, chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala. Niliwaambia mafundi wazipige lipu. Hakuna aliyebisha isipokuwa Kasanga.

Kasanga wetu, ndiyo. Mtoto wa yule mama anayekaa nyuma ya misheni, uliyemfundisha wewe mwenyewe kushika mwiko kabla hujanifundisha mimi. Nilimwita huku mwaka jana kwa sababu hakuna fundi kati ya hapa na Kabalo anayejenga pembe iliyonyooka kama yake bila kutumia timazi. Anaangalia tu kwa jicho moja, anacheka, anagonga tofali mara mbili, basi. Na kwa vile ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, nilipata mtu wa kunitukana kwa Kiswahili cha nyumbani, na hiyo ni dawa ya ugeni. Aliniita mwizi wa mbuzi, mimi nikamwita mwizi wa kuku, na mafundi wa hapa, Waholoholo na Waluba, ambao nao wana watani wao, walicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Siku ya kuzipiga lipu zile alama za kucha alisimama mbele yangu, amekunja mikono. Akasema, "Mutani, hii hapana kazi ya fundi. Hii njo kazi ya kufunika." Nikamjibu kwamba njaa haina kazi ya kuchagua. Alichukua mwiko akafunika, lakini siku hiyo hakunitukana tena.

Kisha ikaja amri ya kashoo mpya. Sajenti wa jandarma, askari aliyeletwa kutoka mbali, upande wa mto mkubwa wanakosema Kilingala, alitaka chumba ambacho mtu hawezi kusimama ndani yake wala kujinyoosha. Hakutaja kipimo. Alisema tu, "Mufupi, mutu apinde." Mimi na kalamu yangu sikujua kuchora kitu cha namna hiyo, basi nikamwambia Kasanga, kwa kuwa ndiye mrefu kuliko wote, alale sakafuni tumpime. Akalala huku anacheka. Nikasema, "Jinyooshe vizuri, mwizi, chumba hiki ni chako, tunakushonea kama suti." Nikachora mstari kwa chaki, kisha nikakata dhiraa nzima miguuni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka.

Ukuta wa kati ya kashoo na chumba cha tribinali niliuchora wa matofali mawili, maana juje alilalamika kwamba kelele za upande wa pili zinamchanganya anaposoma sheria.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Vyuma vya madirisha vililetwa kwa treni, na Jumatatu moja vikaonekana vimepungua. Sajenti alikuja akaketi kwenye rundo la mbao, bunduki mapajani, anatuangalia tu. Kila mtu alifanya kazi kichwa chini. Kasanga alichelewa kidogo siku ile, kwa sababu alipitia kuchota maji ya kufinyangia udongo. Alipoingia uwanjani, mimi, kwa mazoea, na pengine kwa kutaka kuivunja ile hofu, nikapaza sauti: "Huyu amefika. Tuambie basi, mwizi wee, vyuma vyetu umeviuza wapi? Au mmeshavipika na mama yako?" Kasanga akaweka ndoo chini, akajibu kwamba mama yake hapiki vyuma, anapika wajinga wa ukoo wetu, na sufuria imejaa. Tukacheka wote. Hata wafungwa walicheka.

Sajenti hakucheka. Mchana walimchukua Kasanga akiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Walimvuta kwa mguu, akaanguka kwa bega kwenye matofali, wakaanza kumpiga kwa mateke kabla hajajua ni nini. Kashoo mpya ilikuwa bado mbichi, saruji haijakauka. Wakamwingiza humo.

Nilimfuata Sajenti ofisini. Naandika maneno yetu kama yalivyosemwa, kwa sababu nimeyarudia kichwani tangu siku hiyo.

Nikasema, "Shefu, yule muntu hapana mwizi. Nani amemusemea?"

Akaniangalia kama anayeshangaa. "Weye njo ulisema. Asubui, mbele ya bantu bote."

Nikamwambia, "Ule ulikuwa utani, shefu. Yee ni mutani yangu. Kwetu muntu anaweza kumutukana mutani yake, ata kwenye kilio anaweza kumutukana, na hakuna mubaya. Ni desturi."

"Desturi ya kumuita mutu mwizi?"

"Ndiyo, shefu. Neno la mutani haliesabiwe."

Alifuta jasho la shingo kwa kofia yake. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akasema, "Mimi nilileta yule mutu juu ya neno yako. Kama yee haiko mwizi, basi weye njo muongo. Muongo kwa serikali anakula fimbo makumi tano. Yee anatoka, weye unaingia. Chagula."

Alisema wazi, nami nilielewa. Mlango ulikuwa wazi, fimbo iko ukutani imening'inia kwenye msumari niliougonga mimi mwenyewe. Fimbo hamsini huua wengine, na wengine hupona. Nimewaona wakipona. Lilikuwa neno moja tu la kutamka.

Nilisema, "Shefu, kazi ya ramani haijaisha." Nikatoka.

Siku ya pili nilikuwa upande wa tribinali napiga lipu ukuta ule ule wa matofali mawili. Ni ukuta mzuri, Papa, umesimama wima. Sauti haikupita vizuri, ilipita kama mtu anatwanga kwa jirani. Halafu walimtoa mlangoni, kwenye kizingiti cha saruji, na hapo nilisikia kila kitu, kwa sababu mlango wa ndani haukuwa umewekewa ubao bado. Sajenti alisema mwizi huiba kwa mikono. Wakamlaza mikono juu ya kizingiti, askari mmoja kila upande, na kitako cha bunduki. Waligonga wa kuume kwanza. Mifupa ya vidole hailii kama kuni, inalia kidogo tu, kisha kelele yote ni ya mtu. Alikuwa anaita, "Mutani! Mutani yangu, uko wapi? Waambie! Waambie mie hapana mwizi!" Wakageukia wa kushoto. Aliendelea kuniita mpaka alipozimia. Mimi nilikuwa hatua nane kutoka pale, na mwiko mkononi. Niliendelea kulainisha ukuta.

Siku ya tatu vyuma vilionekana. Vilikuwa vimeshafungwa kwenye madirisha ya baa mpya ya mkubwa mmoja ambaye cheo chake siandiki, maana karatasi ina macho mengi. Hakuna aliyeulizwa. Sajenti alifungua kashoo akasema, "Toka, nenda kwenu." Kasanga alitoka kwa magoti, kwa sababu kule ndani alikuwa amejikunja siku tatu na miguu ilikataa. Nilimbeba mgongoni. Dokta wa hapa alifunga vidole kwa vijiti na bendeji, akaniambia pembeni kwamba viwili vitakatwa na vilivyobaki havitafungika. Kijiko atashika. Mwiko hapana.

Nilimlisha mwenyewe siku zile zote. Siku ya kwanza aliyoweza kuzungumza aliniuliza, "Mutani, nani alinisemea?"

Nikasema, "Sijui."

Akafikiri sana, akasema basi ni Lumbwe, yule mzee anayelinda depo, kwa sababu waliwahi kukosana juu ya koleo. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndiyo. Tangu hapo ni Lumbwe asubuhi, Lumbwe jioni. Anasema akifika Moba atawaambia wajomba zake waende kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, wakamwagulie, Lumbwe aoze mikono naye, na kama mfumu atashindwa, wajomba wana mapanga na boti haiko mbali. Unawajua wale wajomba. Hawasemi kitu wasichokifanya. Na Lumbwe ni mzee wa watu, ana wajukuu sita ndani ya nyumba moja, hajawahi kumsemea hata paka.

Hili ndilo linalonichoma kuliko yote: Kasanga alikuwepo. Alinisikia kwa masikio yake nikimwita mwizi wa vyuma, akanijibu, akacheka. Wala haijampitia kichwani kwamba ni neno lile. Kwake neno la mtani haliwezi kumuua mtu. Nami ningekuwa yeye, ningeamini hivyo hivyo.

Papa, sasa unajua kwa nini Kasanga, aliyekuletea barua hii, hakukupa mkono. Nimeifunga kwa gundi na kumwingizia shatini, nikamwambia ni habari za nyumbani tu. Kusoma hajui, nami nilijua hivyo nilipompa. Nimejaribu kumwambia hapa siku nne. Kila mara nimefungua mdomo nikamuuliza kama anataka chai.

Basi fanya hivi, kwa heshima ya kazi mliyoifanya pamoja wewe na yeye kabla yangu. Muite, muite na mama yake, na wale wajomba wote, hasa mkubwa wao. Keti katikati yao. Wasomee barua hii kwa sauti tangu mwanzo, usiruke mahali, hata pale unapoona nimejidhalilisha na kukudhalilisha wewe pia. Wakisema utani wa koo zetu umekufa, usibishane nao. Wakitaka kuja Kalemie, waambie wasiende kwa Lumbwe. Nakaa nyuma ya soko la Katuku, nyumba ya bati jipya, na mlango siufungi.

Nisalimie Mama, na umwambie mwenyewe kwa maneno yako, wewe unajua jinsi ya kumwambia. Nisalimie dada yangu mkubwa na mume wake mvuvi, na yule shangazi anayetuuzia mafuta ya mawese. Kaka mdogo asije huku kutafuta kazi, hata nikiwa nimewahi kumwahidi. Mama yake Kasanga sithubutu kumtumia salamu.

Na Kasanga, ukishamaliza kusoma, atataka kujua jambo moja, namjua. Atauliza ni nini nilichopewa kuchagua, na kama ningepona. Usimfiche. Mwambie zilikuwa fimbo hamsini, na kwamba ningepona.

Mimi mwana wako,
Mulunda