Kompyuta Mbili, Skrini Moja na Ngamia wa Mzee Huka

Jumatatu, 13 Januari 2025

Skrini ya pili imekufa. Ilianza kutetemeka wiki jana, leo imezima kabisa, hata ukiipiga kofi. Nimeipiga. Joto hili la Garissa, binadamu anavumilia, skrini imekataa.

Kwa hivyo studio yetu sasa ina kompyuta mbili na skrini moja. Kuna ile ya hewani, ambayo kila kinachocheza ndani yake kinatoka redioni hapo hapo. Na kuna ya kazi, ninayokatia na kusafishia sauti kabla hazijatoka. Bosi, Abdirahim, anasema skrini mpya itakuja inshallah. Inshallah ya Abdirahim naijua mimi!

Shariff, fundi wetu, ameleta kisanduku chenye kitufe kimoja. Skrini, kibodi na mausi, vyote vinachomekwa hapo. Ukibonyeza unaona kompyuta hii, ukibonyeza tena unaona ile. Nikamuuliza, na nitajuaje niko kwenye ipi? Akacheka, eti nitazoea. Zote mbili zina picha ileile, programu ileile, na mafaili zinachangia. Alizipanga hivyo mwenyewe ili zipendeze. Zimependeza, haya.

Halafu kinachelewa. Ukibonyeza, skrini inaingia giza kwanza, ndio irudi. Mimi na kungoja wapi na wapi!

Jumanne, 14 Januari

Nimebonyeza kitufe hicho mchana kutwa. Hooyo, mama yangu, ameniuliza mbona nagonga meza kwa kidole tukila. Sikuwa nimejua kama nagonga.

Mwezi huu ukiisha Abdirahim anaamua: ama naandikwa kazi, ama muda wa majaribio ndio umeisha hivyo, kwaheri. Sitaki kurudi kukaa nyumbani shangazi zangu waniletee wachumba wenye duka Eastleigh, Nairobi. Kwa hivyo tabasamu, Saynab. Bonyeza.

Jumatano, 15 Januari

Amekuja mzee anaitwa Huka, kutoka upande wa Wajir. Viatu vyeupe kwa vumbi. Kisomali chake kidogo, mimi Kiborana sijui hata salamu, tukakutana kwa Kiswahili. Ngamia wake jike amepotea karibu na Modogashe. Nimepokea matangazo mengi ya ngamia lakini huyu mzee alinishika moyo. Hakulalamika. Alisema tu, "Binti yangu, ngamia hii ndio nyumba yangu." Mkwe wake Tuye amejifungua juzi, hana nguvu, na maziwa anayokunywa yalikuwa ya huyo huyo ngamia.

Nikamrekodi. Kawaida yetu ya ngamia waliopotea iko wazi: mwenye mali anataja kila kitu, halafu mimi nakata alama moja isisikike hewani. Hiyo ni ya siri. Aliyemwokota ngamia atamuuliza kila anayekuja: alama nyingine ni ipi? Anayejua ndiye mwenyewe. Bila hivyo, kila mtu jangwani angesema ngamia wa Huka ni wake.

Alama yake ya siri: makovu mawili ya moto ndani ya paja la nyuma, kushoto. Alimchoma mwenyewe kumtibu akiwa mdogo. Alinionyesha kwa kidole kwenye paja lake, pale pale kwenye kiti cha wageni.

Tangazo litatoka kesho. Mzee amelala msikitini.

Alhamisi, 16 Januari

Ya Allah. Ya Allah.

Kaswida ilikuwa inacheza hewani. Nikasema nitumie nafasi hiyo kukata sauti ya mzee Huka. Nikabonyeza kitufe niende kwenye kompyuta ya kazi. Giza. Giza bado. Nikachoka kusubiri, nikabonyeza tena! Ile ya pili ikanirudisha nilikotoka. Skrini ikawaka, picha ileile, nikadhani niko kwenye ile ya kazi. Nikafungua sauti ya Huka, nikaruka moja kwa moja hadi pale pa kukata, nikacheza.

Nikamsikia vizuri: "...makovu mbili ya moto, ndani ya paja, kushoto, huku nyuma." Nikafikiri, sawa, hapa ndipo nikate. Halafu nikagundua kaswida haisikiki tena kwenye spika ya nje, ile inayotoa kilicho hewani.

Sikuwa nimetoa hata jina la mzee. Watu kuanzia hapa hadi Wajir wamesikia sauti ya mwanaume asiyejulikana, Kiswahili cha Kiborana, akitaja alama ya siri ya ngamia jike. Nikarudisha kaswida. Nikakaa. 

Nimemwambia Abdirahim. Alifunga mlango kwanza. Akasema polepole kwamba hakuna kilichotoka. Nani alisikia? Hakuna. Na tangazo la huyo mzee lisitoke tena, tutazidi kujikoroga. Nikasema lakini mzee... Akaniuliza mkataba wangu ni lini vile?

Ijumaa, 17 Januari

Sikulala. Huka ameondoka alfajiri na lori kwenda Modogashe kuulizia mwenyewe. Hata hakuniuliza kwa nini tangazo halikutoka.

Jumamosi, 18 Januari

Ngamia amepatikana! Ningefurahi, lakini ngoja.

Bwana mmoja wa Modogashe anaitwa Korane ndiye aliyemwokota. Amepiga simu stesheni, nimepokea mimi. Anasema wamekuja wanaume wanne. Wote wanajua makovu mawili, paja la kushoto. Wote! Mzee wa Kiborana ni mmoja wao. Mwingine ni dalali wa ngamia, Abdihafid, amekuja na wazee wa kumsimamia, na anaapa ile sauti ya redioni ilikuwa yake. Eti alikuwa na mafua. Korane anauliza: ile sauti ilikuwa ya nani?

Nilifungua mdomo. Abdirahim akachukua simu mkononi mwangu. Akamwambia stesheni haikurusha sauti yoyote ya ngamia siku hiyo, labda walisikia stesheni nyingine. Kwa heshima, kwa upole, na mkono kifuani.

Nimejichukia.

Jumatatu, 20 Januari

Huka amerudi. Alikaa kwenye benchi la nje, nikamletea chai. Unajua alichokuja kuniambia? Amekuja kuniomba msamaha mimi! Anasema mdomo wake ndio umemponza. Alitaja siri mbele ya mashine, na mashine haina aibu, ikasema. Wanawe wamemgombeza. Tuye anakunywa chai ya rangi, mtoto analia tu.

Nikasema, mzee, si wewe. Akaniambia nisimtetee, yeye ni mtu mzima. Abdirahim akatokea mlangoni na nikanyamaza. Nilinyamaza kabisa! Nikaenda kusafisha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Jumanne, 21 Januari

Nimetembea. Darajani hadi sokoni, sokoni hadi darajani, jua la saa saba, watu wananiangalia. Hooyo ananiuliza nina nini. Sina kitu. Uongo.

Jumatano, 22 Januari

Korane amesema hawezi kulisha ngamia wa mwenyewe asiyejulikana. Kesho baada ya alasiri anamtoa. Asipopata neno lingine atampa mwenye wazee wengi, yaani Abdihafid.

Abdirahim ameniandikia maneno ya kusoma hewani kesho: stesheni haihusiki na madai yoyote ya ngamia. Pembeni ya karatasi ameweka mkataba wangu. Bado hajatia sahihi. Hakusema kitu, aliviweka tu pamoja.

Alhamisi, 23 Januari

Naandika haraka haraka, nitajisomea siku nyingine.

Sikusoma ile karatasi. Nilimpigia Korane nikamweka hewani. Nikasema: ile sauti ilitoka kwetu. Mimi ndiye niliyeitoa, nilikuwa kwenye kompyuta isiyofaa, sikuwa na subira. Na sauti ni ya mzee Huka, alirekodi hapa siku moja kabla mtu yeyote hajasikia habari ya makovu. Nikacheza rekodi nzima kuanzia jina lake.

Korane hakuridhika. Akasema redio haina ukoo, redio haiwezi kuapa. "Wewe unayesema, ni nani?" Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jina la hewani ni Saynab tu. Ukitaja baba na babu, umewaweka watu wako wote kwenye kesi, na ukikutwa mwongo aibu ni yao. Hooyo anasikiliza kipindi hiki kila siku akipika.

Nikataja. Langu, la baba, la babu, na la wa juu yake, hadi pale Korane aliposema basi, inatosha, nimewajua. Akasema njoo Modogashe uyaseme hayo mbele ya Abdihafid na wazee wake. Ngamia hatoki hadi ufike.

Abdirahim amesimama mlangoni wakati wote huo. Hajafoka. Ameuchukua ule mkataba mezani, ameukunja, ameutia mfukoni mwa shati. Hooyo amepiga simu, sijapokea.

Nimetoka nje na mkoba. Shariff ametafuta gari, linajaza mafuta, linakuja. Huka ndio anarudi kutoka msikitini, uso bado una maji ya udhu. Alikuwa anaswali. Hakusikia hata neno moja.

Amekaa karibu nami kwenye benchi. Ananiona naandika na nalia. Anasema, "Usilie, binti yangu. Kosa ni yangu, mimi ndio nilisema." Ananisukumia chai yake.

Nimewaambia watu wa kaunti mbili nzima. Huyu mmoja bado. Gari lile linakata kona. Mzee Huka, nisikilize