Kitabu Ambacho Hakikulazwa Nyumbani

Mwalimu wangu Nyangeta,

Mkono umezoea, nusura niandike natumaini u mzima. Ulituacha pamba ikichumwa, sasa nyingine imefika magotini, na mimi bado nikipata jambo gumu ofisini nageukia kiti chako. Anakikalia mwalimu mkuu mpya. Mpole, hana neno. Ile ringi ya gurudumu uliyoifanya kengele tunaigonga mpaka leo, na watoto bado wanajifanya hawaisikii.

Nakuandikia kwa sababu nimekusingizia. Nimelisema mapema, maana hukupenda mtu azungushe maneno.

Unakumbuka desturi yako ya kulaza vitabu. Kitabu chochote kipya, hata kiwe kimetoka kwa askofu mwenyewe, hakikuingia darasani kabla mtoto mmoja hajalala nacho kwao. Asubuhi ulitembea mpaka nyumbani kwa mtoto yule, ukanywa uji wao, ukauliza: mmesoma nini, mmecheka wapi, mmekasirika wapi. Kile cha hesabu chenye matufaha ulikirudisha kwa sababu bibi yake Masatu aliuliza tufaha ni ugonjwa gani. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Kitabu ni mgeni," ulituambia. "Mgeni mchana hajulikanagi. Mlazeni kwanza." Na mimi ulinitania mbele ya walimu wote: "Nyamisi, wewe unapendaga karatasi zinazong'aa. Utakuja kuolewa na kalenda."

Basi nimeolewa nayo.

Shule ilipokaribia kufunguliwa yalifika maboksi Musoma, zawadi ya marafiki wa kanisa wa ng'ambo. Bodi ikaniagiza mimi, mwalimu wa taaluma, nipange masomo na vitabu vya mwaka. Nikaenda kuyachukua kwenye stoo ya kanisa ya Kitaji, mjini humo, nikafungua boksi moja palepale, nikanusa kurasa kama mwehu. Vitabu vya Dini vya darasa la pili, Kiswahili safi, rangi kila ukurasa. Zilibaki siku mbili watoto waje. Nikasema hiki hakina haja ya kulazwa, hiki ni cha Mungu. Nikakitia kwenye orodha hata nyumba moja ya kijijini kwetu Nyamuswa haijakiona. Ili kipate nafasi kwenye ratiba nikaondoa kipindi chako cha Ijumaa, kile ambacho wazee walikuja kuwasimulia watoto hadithi za nyumbani. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu.

Ukurasa wa kumi na mbili una nyumba mbili. Ya kwanza ina msalaba mlangoni. Ya pili ina mzee wa shuka begani, kigoda, na kibuyu cha pombe anayowamwagia wahenga chini. Maelekezo yanasema: weka eksi kwenye nyumba ya giza. Kipindi hicho nilifundisha mimi. Wakaweka eksi wote, nikapita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu, nikiandika vizuri sana, vizuri sana.

Bhoke, mjukuu wa mzee Wambura, alifika nyumbani akachukua mkaa jikoni, akachora eksi kubwa kwenye mlango wa babu yake.

Mzee Wambura, Mwalimu. Hajabatizwa wala hana mpango huo, na ndiye aliyetupa kiwanja cha shule kwa sababu uliyemwomba ni wewe. Ndiye aliyekuja kwenu Butiama kukuzika. Wakati wa sala alisimama mbali, kisha akashika beleshi na hakumpa mtu mpaka kaburi lako likajaa.

Hakugomba. Alikuja na mtoto mkononi, akaniambia: "Mwalimu, mimi naonaga ng'ombe mnadani wakipakwa alama. Anayepakwa najua ameshauzwa. Sasa mimi mmeniuza kwa nani?" Akaweka madaftari ya Bhoke mezani pangu, wakaondoka. Leo ni wiki ya tatu Bhoke haji shule.

Habari ikafika kwenye bodi, ikakaa Mwisenge, kulekule Musoma. Mwenyekiti akauliza nani alikipitisha kitabu kile. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Kabla sijalitoa, mjumbe mmoja akasema bila shaka nilifuata orodha aliyoiacha marehemu, si ndiye aliyekuwa akichagua vitabu. Wakainamisha vichwa kwa heshima, wakasema Mungu amrehemu. Nami nikainamisha changu. Ikaletwa chai na maandazi, nikala mawili.

Niliyala, Mwalimu. 

Wakaamua kitabu kibaki, ule ukurasa ubandikwe karatasi juu. Nikaona basi, limekwisha. Lakini neno la bodi limefika Nyamuswa kabla yangu. Juzi kwenye mashine ya kusaga mama mmoja alikuwa akiwaambia wenzake, na mimi nimesimama nyuma na debe langu: "Kumbe yule Nyangeta alivyokuwaga anakuja na vitabu kunywa uji kwetu, alikuwaga anatupeleleza." Miaka yote ile ya asubuhi zako imegeuzwa hivyo kwa ukimya wangu. Niliacha debe nikatoka nje nikalia.

Na nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Ulinijua mimi mwepesi, ukaniachia ufunguo wa stoo. Ungemwachia mtu mwenye msimamo.

Orodha ya muhula ujao inatakiwa Ijumaa, na anayeiandika ni mimi tena. Kipindi cha hadithi nimekirudisha, kitabu kile cha Dini nimekiondoa. Juu ya orodha nimeandika kwamba kitabu hicho nilikipitisha mimi, Nyamisi, peke yangu, bila kukilaza, na kwamba marehemu hakukiona. Nitaisoma mwenyewe mbele yao. Wakinitoa kwenye taaluma, wanitoe.

Lakini kabla ya Ijumaa kuna kesho. Wake za wanawe mzee Wambura walitaka kuufuta ule mlango, akawakatalia. Amesema atakuja kuufuta aliyeuchora, na aliyeuchora si Bhoke. Mlango umekaa hivyo wiki tatu, kila apitaye anauona, na yeye anaingia na kutoka humo humo.

Ndoo nimeshaiweka karibu na mlango wangu, na kitambaa ndani yake. Nitakwenda kwa miguu njia ile uliyopita wewe, nitapiga hodi, nitamwambia ni mimi, sio Nyangeta. Akinipa uji nitakunywa. Asiponipa nitafuta tu.

Pumzika, Mwalimu. Nakuahidi jina lako nitalirudisha nyumba kwa nyumba, kama ulivyokuwa ukivipeleka vitabu.

Mwanafunzi wako,
Nyamisi