Kuku wa Mama Zubeda

Mama yangu mpendwa,

Mahindi yako hayajakauka. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Simu yako iko kwangu. Kioo bado kina doa la mawese kwenye kona ya chini, pale kidole gumba chako kilipozoea kukaa wakati wa kuvuna, na nimekataa kulifuta. Unakumbuka ilivyoanza? Mgonjwa wa michezo hapa Kizuka nilikuwa mimi na kabumbu langu la kwenye simu, wewe ukipita nyuma yangu na sufuria na kuuliza kwa nini wale vijana hawapewi maji ya kunywa. Siku moja nikakuwekea mchezo wa shamba kwenye simu yako, ili uniache nicheze fainali kwa utulivu. Nikafungwa, nikapiga kelele nyumba nzima. Hukusikia. Ulikuwa unapanda mahindi.

"Mahindi gani haya," ulisema, "yanaiva hata maji ya ugali hayajachemka?"

Lakini uliyavuna! Ng'ombe wa kwanza ukamwita Bihogo, na mchezo ulipokushauri umuuze upate trekta, uliutukana kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa yale maneno machache ya Kifaransa uliyokuwa umeyaweka akiba. Ng'ombe hajazaa, auzwe? Hawa watu walilelewa wapi?

Kilichonishinda ni ile nusu. Ulichora njia katikati ya shamba, ukalima upande mmoja, na upande wa pili ukauacha mtupu. Nilikueleza kwamba unapoteza pointi. Ukasema tuuache, mwenyewe atakuja. Nikacheka, nikakuambia, Mama, hii ni simu, hakuna mtu atakayekuja. Ukanitazama juu ya miwani.

"Na juu yetu walisema hivyo hivyo."

Niliikumbuka siku tuliyorudi Burundi kutoka Tanzania, kutoka kambi ya wakimbizi ulikonizalia, tukakuta shamba la babu lina watu. Wapatanishi wa ardhi waliligawa mafungu mawili, na mpaka wakaupitisha juu ya ule mstari wa michikichi, michikichi mizuri kuliko yote. Sisi tukasema ni yetu. Familia ya Mama Zubeda, tuliyoikuta humo, ikasema ni yao. Mikungu ikawa inaozea juu, ndege wakanenepa. Wapatanishi waliwaambia wewe na Mama Zubeda mpeane namba za simu, mkapeana, na hakuna aliyewahi kumpigia mwenzake. Mkikutana njiani, kila mmoja alitazama miguu yake.

Kumbe mchezo nao unapekua namba zote zilizomo kwenye simu. Asubuhi moja uliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Katikati ya shamba lako alikuwa amesimama kuku mwekundu.

"Kuku wa nani huyu?"

"Ni zawadi, Mama. Jirani yako wa mchezoni kakutumia. Mama Zubeda."

Ukaweka simu chini, ukaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Kisha ukarudi.

"Mfunge kamba mguuni," ulisema, "azoee nyumba."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mchezo hauna kamba, Mama! Basi ukamjengea uzio wake peke yake, karibu na mlango, na kesho yake ukamtumia Mama Zubeda maziwa ya Bihogo, maana wewe hujawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Kuanzia hapo ukawa unamwagilia nyanya zake, naye anamwagilia mahindi yako. Saa anayoamka uliijua kwa kuona bata wake wamelishwa. Njiani, salamu bado hakuna. Na kila nilipokuomba umtoe yule kuku kwenye uzio, jibu lilikuwa moja: "Bado. Hajazoea."

Ukaondoka hujamfungulia. Na kuhusu michikichi, nilipokuuliza pale kitandani nifanye nini, ulisema nisigombane nao, lakini nisiwaachie pia. Mama, hayo ni maelekezo gani? Ulicheka, ukaniachia mzigo.

Tulipomaliza matanga niliifungua simu yako kwa woga. Nilijua nitakuta mahindi yamekauka na Bihogo analia. Nikakuta udongo umelowa. Bihogo amekamuliwa, kuku amelishwa ndani ya uzio wake, na kwenye orodha ya waliopita shambani kulikuwa na jina moja, juu mpaka chini: Mama Zubeda. Nililia, sikufichi. Halafu nikavaa viatu nikavuka mpaka.

Alikuwa uani anachambua ngazi, matunda ya mchikichi.

"Amahoro, Mama Zubeda."

"Amahoro, mwanangu, karibu. Ile ng'ombe yenu iko na njaa ya ajabu! Kila siku inalia."

Nikamshukuru. Akaendelea kuchambua, kisha mikono ikasimama.

"Nikuulize. Ile nusu mama yako alikuwa anaacha, ilikuwa ya nani?"

"Alisema mwenyewe atakuja."

"Mimi nilifikiri ananiwekea mimi."

Ulikuwa unamwekea, Mama? Ungekuwepo ungejifanya hujasikia swali. Mimi sikujifanya. Nilimwambia tukate ile mikungu pamoja, na akasema Jumamosi, kabla jua halijawa kali.

Jumamosi mkweaji akapanda michikichi. Tukagawa pale pale chini ya miti, mmoja huku, mmoja kule, mpaka ukabaki mkungu mmoja usio na mwenzake. Hapo wote tukaanza kutazama miguu yetu, mazoea hayo. Mama Zubeda akausukuma kwa mguu mpaka upande wangu.

"Hii ni ya Bihogo," akasema. "Nimekamua yeye bila ruhusa."

Tukacheka sana, na mkweaji akawa anauliza kutoka juu ya mti Bihogo ni nani, na hakuna aliyeweza kumweleza. Mawese yametoka mekundu, mazito, kama ulivyokuwa unayapenda. Jana nimeyapikia ndagala wa ziwani, na sahani moja imevuka mpaka ikiwa ya moto.

Siku hizi Mama Zubeda anakuja jioni, tunakaa kibarazani kila mtu na simu yake, ziwa lile pale chini, ananifundisha kilimo. Kabumbu langu anasema ni kelele tupu. Ile nusu tumeipanda maharage. Yeye ndiye aliyechagua.

Na uzio wa yule kuku nimeuondoa, Mama. Nilikaa nikimtazama aende wapi. Alizunguka kidogo, akadonoa, akarudi kusimama mlangoni kwako. Ameshazoea.

Pumzika, Mama. Shamba lina watu.

Binti yako, kitinda mimba