Sori Uliyomwambia Ng'ombe

Mpendwa Baba,

Nimekaa mezani kwangu hapa Sombetini na chai imepoa kwa mara ya pili. Tumekuzika Alhamisi. Leo ni Jumatatu, na ndiyo kwanza nashika kalamu, wala si kwa sababu ya kulia. Kulia nilimaliza. Ni kwa jambo aliloniambia Shangazi siku ya Ijumaa, dada yako mkubwa, yule uliyekuwa ukisema mdomo wake hauna mlango. Baba, hivi ulikuwa unafikiria nini?

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo nitakugombeza, na sijawahi kukugombeza hata siku moja ulipokuwa hai.

Nakukumbuka kwa neno moja. Ulikuwa na Kimeru chako cha nyumbani, Kiswahili chako cha kanisani na cha ofisi ya kijiji, na Kiingereza chako cha neno moja tu: sori. Ulilipata ujanani kwenye shamba la kahawa la Mgiriki, ulipokuwa dereva wa trekta. Ulitusimulia kisa hicho mara nyingi kuliko hadithi za Biblia. Siku hiyo tajiri mwenyewe alikukanyaga mguu kwa buti lake, akageuka, akakugusa bega, akasema sori. "Tajiri!" ulikuwa ukituambia, umetutolea macho. "Mwaka mzima ananifokea hasemi kitu. Leo kanikanyaga kidole tu, anasema sori!" Ukaona neno hilo lina nguvu. Trekta ukaiacha hukohuko, neno ukaja nalo nyumbani.

Na nyumbani ulilifanyisha kazi kwelikweli. Ukipita kanisani kwenda benchi la mbele, ni sori, sori, na watu wanakunja magoti. Usiposikia vizuri unanyanyua kidevu: "Sori?" Msibani ulimshika mfiwa mkono kwa mikono yako yote miwili, ukasema sori sana, na huongezi kitu, na watu walisema wewe ndiye unayejua kufariji. Mnunuzi wa ndama akileta maneno mengi, "Sori, bwana," na hapo ajue mazungumzo yamekwisha. Timu ya jirani ikifungwa ulisimama kwenye ua wa masale, ukapaza sauti ng'ambo, "Sori yako!" ukacheka mpaka ukakohoa. Hata fimbo ilikuwa na sori yake. "Sori, Elifuraha, lakini leo utalia," ulisema, nami nililia kweli.

Na ng'ombe, Baba. Ukimkamua Neema, ukavuta vibaya, akarusha mguu, ulimpapasa ubavu taratibu. "Sori, mama. Sori." Mama akiwa jikoni alikuwa anaitikia papo hapo bila kugeuza kichwa: "Nini tena, Baba Elifuraha?" maana hajui kama umemwaga maziwa, umevunja kikombe au unaomba njia. Nimekua nikidhani kila nyumba ina baba na mama wanaoitikiana hivyo.

Kumbe neno lote lile, likifika kwangu, linakwisha.

Unaikumbuka Jumapili niliyomleta Lembris. Shati jeupe, viatu amevipiga rangi, shikamoo ameitoa kichwa kimeinama. Ukaitikia marahaba. Ukamwuliza kwao ni wapi. Akasema upande wa pili wa mlima, kwa Waarusha. Ukaweka kikombe chini. Ukamwambia babu zake walichukua ng'ombe wa babu zako. Maskini Lembris akadhani ni utani wa wakwe. Akacheka, akasema, "Mzee, nitawarudisha." Hukucheka. Nilijua palepale kwamba mambo yameharibika.

Alipoondoka uliniambia bila kupaza sauti: "Ukienda kwa yule, hilo geti usije ukalifungua tena."

Nilikwenda. Kanisani Moshono aliyenipeleka madhabahuni ni Mjomba, na kiti chako cha safu ya kwanza Mama alikiwekea mkoba wake ili mtu asikikalie. Niliutazama ule mkoba ibada nzima.

Miaka kumi na moja, Baba. Wajukuu zako wawili umewaona kwenye simu ya Mama. Nilimwambia Mama na najua alikufikishia: "Akisema sori, neno moja tu, kesho yake asubuhi niko pale. Ng'ombe anaambiwa, mbuzi anaambiwa, mimi mwanawe siambiwi?" Nikangoja. Ukanyamaza. Nami nikanyamaza zaidi yako, kwa sababu jeuri hii sikuiokota njiani, niliitoa kwako.

Mama alikuwa ananitumia ndizi kwa siri. Labda ulijua. Alimpa bodaboda pale Kikatiti, ananiletea mkungu mpaka mlangoni. Tulikuwa na utaratibu wetu: mzigo ukifika nampigia simu, ikiita mara moja nakata, basi. Hakuna kuongea, hakuna asante, maana wewe ulikuwa karibu na masikio yako yalikuwa bado mazima, ingawa ulipenda kusema "sori?" Hiyo bipu moja ndiyo ilikuwa asante yetu kwa miaka yote hiyo.

Halafu Jumatatu iliyopita asubuhi ukaanguka bandani, ndoo ya maziwa mkononi. Mama alinipigia, na safari hii aliongea.

Nilipofika getini nilisita. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, na ile kufuli kubwa haipo. Nikajiambia wamelipaka haraka kwa ajili ya msiba. Nililisukuma, likafunguka bila kelele, limetiwa mafuta bawabani. Sikuwaza zaidi ya hapo, nilikuwa na jeneza la kuwaza.

Sasa hiyo Ijumaa. Tulikuwa nyuma ya nyumba, migombani, wanawake kama kumi, Mama akiwemo, tunamenya ndizi za wageni waliobaki. Mikono imeshika utomvu, maneno ya hapa na pale. Shangazi akaweka kisu chake kwenye sinia.

"Elifuraha, kuna kitu kimenikaa kooni siwezi kukimeza. Lile isale la baba yako, ulilikataa kwa nini?"

Visu vyote vilisimama. Nakwambia vyote.

"Isale gani, Shangazi?"

"Lile la mwaka jana, kabla ya vuli. Alikutumia juu ya mkungu wa mshare, zile ndizi za mtori."

Mtoto gani wa kwetu asiyejua isale? Lile jani refu la kijani, linaota mpakani mwa kila shamba. Mtu aliyekukosea akikuletea isale lililofungwa fundo, hata kama alikuchomea nyumba, unasamehe. Hukai kikao, hudai maelezo. Halikataliwi. Nimeona wanaume wazima waliorushiana mapanga wakashikana mikono kwa sababu ya jani hilo. Lakini, Baba, linatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mtoto anampelekea mzazi. Mke aliyeondoka kwa hasira anarudi nalo. Sijawahi kusikia, wala wanawake wale kumi hawajawahi, baba akamfungia mtoto wake isale. Mmoja wao alisema kwa sauti, "Baba kwa mtoto? Haiwezekani." Shangazi akamjibu, "Nilimwona kwa macho haya akifunga. Alilifunga mara tatu, fundo likawa halikai."

Mkungu ule niliukumbuka. Ulikuja Jumamosi mchana, mkubwa kuliko yote niliyowahi kuletewa, na bodaboda aliushusha akasema, "Mzigo wako, mama, kutoka Kikatiti." Haukuwa umefungwa kwa gome kavu la mgomba kama Mama anavyofunga. Shingoni ulikuwa na jani bichi, limepigwa fundo. Nikasema peke yangu, leo Mama kakosa kamba. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata fundo, jani nikamtupia mbuzi. Nikabipu simu ya Mama. Nikapika mtori. Ulikuwa mtamu, Lembris aliongeza bakuli.

Ndivyo nilivyolipokea isale lako.

Nilipowaeleza hayo, Mama, ambaye na yeye hakujua kitu, alikaa chini palepale kwenye maganda. "Ile bipu," akasema. "Niliiona ile bipu. Siku hiyo sikuwa nimetuma kitu, nikadhani umebonyeza kwa makosa." Akaziba mdomo kwa khanga.

Nikamgeukia Shangazi, na samahani, nilimfokea. Nikamwuliza kwa nini usingepiga simu, kwa nini usingesema tu hilo neno nililoliomba, neno moja ambalo ulilimwaga kila mahali kama pumba za kuku. Shangazi hakukasirika.

"Nilimwambia hivyohivyo," akasema. "Nikamwambia, mpigie mtoto, umpe hilo sori lako, si ndilo analolitaka? Akanijibu: 'Dada, hilo neno nimemwambia ng'ombe asubuhi hii. Ndilo nimpe na mwanangu?'"

Baba.

Tangu Ijumaa sentensi hiyo imenikalia kifuani na haiondoki. Nikiosha vyombo ipo. Nikisema na watoto ipo. Miaka kumi na moja mimi nahesabu ulivyoninyima neno, kumbe wewe uliona neno lenyewe limechakaa, umelivaa kila siku kama koti la bandani, na huwezi kuja nalo kwangu. Ukaenda kutafuta kitu ambacho mzazi hatakiwi hata kukishika mbele ya mtoto wake. Nililililia dogo. Kubwa lilipokuja nikampa mbuzi.

Shangazi akamalizia. Alisema anayepeleka isale hafuatilii, hatumi mtu kuuliza. Anangoja. Kwa hiyo ukangoja. Ulipaka geti rangi wewe mwenyewe wiki ileile, ukang'oa kufuli, ukatia mafuta. Ulilihamisha benchi kutoka kibarazani ukaligeuzia njiani. Mama alidhani unaota jua.

Uliota jua mwaka mzima, Baba, ukiamini mwanao wa kwanza amekataa isale. Hata la muuaji halikataliwi! Ulilala na kuamka na jambo hilo, ukakamua ng'ombe nalo, ukaenda kanisani nalo ukiwapita watu, sori, sori. Ungeandika basi kikaratasi. Ungemwambia bodaboda, "Mwambie ni kutoka kwa baba yake." Ungenibipu tu nione namba yako! Ningekuja kwa miguu, hakika ningekuja. Nimekasirika na wewe, nimejikasirikia mimi, na katikati ya hasira zote hizo nashangaa bado, nashangaa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokulia ilikuwa na chumba kingine ambacho hakuwahi kukiingia.

Nilikupenda. Nilikupenda hata nilipokuwa nikisema sina haja na wewe.

Jumamosi nilikata isale kwenye ua wako, upande ule wa jirani uliyekuwa ukimtania. Shangazi akanionyesha fundo. Kwangu pia halikukaa mara ya kwanza, wala ya pili. Tukaenda kaburini, pale migombani, udongo bado haujashuka. Shangazi akasema yake kwa Kimeru. Mimi nililiweka jani. Lembris alikuwa nyuma yangu, kofia kifuani, na nilisahau kama yupo mpaka aliposema kwa sauti ya chini, "Mzee, ng'ombe nitawarudisha." Shangazi akaanza kucheka na machozi yanamtoka, na sisi wote tukafuata. Nadhani ungecheka safari hii.

Nikamwambia Mama nitamkamulia. Neema alishakufa zamani, sasa yuko mjukuu wake, ana hasira zilezile. Nimekaa mjini muda mrefu, vidole vimesahau. Nikavuta vibaya, akarusha mguu, ndoo ikayumba. Nikampapasa ubavu, na kabla sijafikiri nikasema, "Sori, mama. Sori." Baba, ilitoka na mwendo wako uleule, na mkwaruzo wako uleule.

Na kutoka jikoni Mama akaitikia papo hapo: "Nini tena, Baba Elifuraha?"

Sufuria iliyokuwa inasuguliwa ikanyamaza. Nilisimama bandani nimeshika mkia wa ng'ombe. Kisha nikaweka ndoo chini, nikaenda kukaa na Mama.

Pumzika sasa, Baba. Benchi nimeliacha lilivyo, linatazama njia. Geti halina kufuli, na kila Jumamosi nitalisukuma nikija, mimi na Lembris na wajukuu zako, kama ulivyolitayarisha.

Ni mimi binti yako wa kwanza, niliyekula ndizi nikatupa jani,

Elifuraha