Maji ya Bolivar

Jumatano, 11 mwezi wa 6, 2025

Mimi ni jenerali! Bapende, bakatae.

Leo Mwalimu Stanislas alitoa majina ya teatre. Yeye njo anaongoza vijana ba parokia yetu hapa Butembo, na tunatayarisha muchezo wa sikukuu ya uhuru. Alitupima sauti, mumoja mumoja. Bengine balisoma kama batu banaouliza bei ya chumvi. Mimi nilisoma — kuku za jirani zilikimbia. Basi Mwalimu akasema: Mathe, weye ni Bolivar.

Bolivar ni nani? Mimi pia sikujua. Niliacha sekondari mwaka wa pili, donc basi habakunifikisha kwake. Mwalimu alieleza. Mutu wa Amerika ya Kusini, wa Venezuela, zamani sana. Mutoto wa batajiri. Baspanyoli balikuwa banatawala kwao sawa Babelgiji balivyotawala hapa. Akaapa mbele ya mwalimu wake kama mukono wake hautapumzika mupaka batoke. Na balitoka! Akakomboa inchi yake, na ingine, na ingine tena. Moja banaiita kwa jina lake, Bolivia. Mimi sitaki inchi. Hata avenue moja tu. Hata choo ya soko.

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hatuchezi uhuru wetu wenyewe. Akasema mwaka jana balicheza yetu, kila chama ikasema imetukanwa, sale ya parokia ikafungwa. "Bolivar ni mutu wa mbali. Hakuna mutu wa hapa atakasirika."

Ariel atakuwa askari wangu. Ni mutoto wa mama mudogo Kavuo. Baba yake aliuawa shambani huko Mbau, njo balikimbilia kwetu, na sasa tunalala chumba moja. Hasemaki mingi. Kusikia yeye askari — meno yote nje. Nikamuambia, askari hacheki mbele ya jenerali. Akacheka tena.

Jumamosi, 14 mwezi wa 6

Farasi! Bolivar alikuwa na farasi nyeupe. Hapa nani alishaona farasi? Nikaleta chukudu ya muzee jirani, ile baiskeli ya mbao anabebea makala, tukaipaka chokaa mupaka magurudumu. Mwalimu alishika kichwa. Lakini akakubali.

Ariel anasukuma, mimi juu, upanga hewani. Ile kilima ya parokia tulishuka — freni hakuna! Tukaingia ndani ya viazi za mama moja wa Masereka, pale anauzisha sokoni.

"Njo Bolivar wenu huyu?" mama akasema. "Akombowe kwanza viazi zangu ndani ya mufereji."

Tulizikomboa. Moja moja. Bote ba soko banaangalia.

Yassini ni mufalme wa Spanyoli. Baba yake anabeba bidhaa mupaka Beni na lori, yeye iko na pikipiki, donc anajiona. Alisema mufalme yule ni mukatoliki na yeye ni mwislamu, hawezi. Nikamuambia: mufalme wetu hasali, anapigwa tu. Akafikiri kidogo, akakubali.

Alhamisi, 19 mwezi wa 6

Shida. Ile sehemu ya milima.

Bolivar anapandisha jeshi milima ya Andes. Baridi, mvua, miguu wazi, bengine banakufa njiani. Kisha banashuka upande ule na kushinda. Mwalimu anataka tutetemeke. Tunatetemeka kama mbuzi zilizonyeshewa. Hakuna mutu ataogopa kitu!

Mimi najua kinachokosa. Maji! Huku kwetu nani anaenda vita bila kunyunyiziwa? Hata mutoto wa kunyonya anajua: beseni, tawi la majani, maji kwa kifua, na risasi inageuka maji. Bolivar bila maji — nani atamuamini?

Mwalimu: "Mathe, Bolivar alikuwa mukristu."

Mimi: "Na bale vijana ba bunduki kule porini, Mwalimu, banabatizwa wapi?"

Bote bakacheka. Yeye hapana. Alisema hapana maji, na aliisema kwa Kifaransa. Akitumia Kifaransa tunajua imekwisha.

Tena kuna mwisho. Mwisho Bolivar ni mugonjwa. Ameacha kazi, rafiki bamemugeukia, anatoka kwenda uhamishoni, na anakufa mbele ya kufika. Banasema balimuzika na shati ya kuazima, kwa sababu ile yake ilipasuka. Mimi nife na shati ya kuazima mbele ya Falonne, musichana niko namupenda? Falonne atakaa mustari wa kwanza!

Tutaona.

Jumatatu, 30 mwezi wa 6

Nimeshikwa mukono na muji yote!

Sale ilijaa mupaka madirisha. Yassini alikuwa mufalme mubaya vizuri, batoto balimutupia maganda ya ndizi. Chukudu haikuanguka. Tukafika kwa milima. Nikainama chini ya meza, nikatoa beseni. Nilikuwa nimeificha mule tangu asubuhi, na kidumu ya maji ya robine, ya bomba tu, na tawi la mukaratusi.

Ariel alikuwa wa kwanza. Nilimuambia atoe shati. Nikamunyunyizia kifua, nikasema maneno yangu, si ya Mwalimu. Yalikuja yenyewe! Tangu leo hapana kushika mutu mukono. Hapana kula majani ya sombe. Hapana kuangalia nyuma. Ukishika haya, chuma itakufikia kama umande.

Sale ikanyamaza. Nilisikia mutu anakohoa inje. Kisha — kelele! Vijana baliinuka kwa mabenchi, si ba teatre, ba kuangalia tu! Balikuja mbele, bengine banavua mashati njiani. Nikanyunyiza bote. Pembeni Mwalimu ananifanyia alama: kata, kata. Basi nikakata. Nilikata kifo. Bolivar wangu alimaliza juu ya farasi.

Nyuma ya pazia Yassini, jasho kama mutu wa kuchimba, akachota kikombe ndani ya beseni. Ariel akakipiga chini.

"Maji ya vita hainyweki! Mutu akiikunywa, anaiua!"

"Ni ya robine, weye," Yassini akasema.

Tulicheka sana. Ile sheria ya kutokunywa sikuitunga mimi, kila mutu huku anaijua. Ariel peke yake hakucheka.

Mama Kavuo alikaa kule nyuma. Hakupiga makofi. Ilinikwaza kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 1 mwezi wa 7

Bananiita Bolivar barabarani. Hata yule mama wa viazi! "Bolivar, leo hauna farasi?"

Muchana bugali na sombe. Ariel akasukuma sahani. "Siko nakula sombe." Mama yake akamunyooshea mukono ainuke alete maji ya kunawa. Akarudisha wake nyuma.

"Niko na ukoma?" mama akauliza.

Nilicheka. Nikakula sombe yake pia. Ilikuwa na mawese mingi.

Alhamisi, 3 mwezi wa 7

Ariel haiko.

Asubuhi kitanda yake imetandikwa. Yeye hatandikaki! Na shati ya Bolivar haiko, ile ya vifungo vya kung'aa, ambayo Mwalimu alituazimisha. Nikasema ameenda kujionyesha kwa basichana. Nilisema hivyo mupaka saa sita.

Saa sita Yassini alikuja, hakuzima hata moto ya pikipiki. Balimuona Ariel kwa barrière, kizuizi ya njia ya Lubero, na bengine bawili. Bale bawili nabajua. Balivua shati mbele yangu siku ya teatre. Banaenda kwa Kamate.

Kamate ni komanda wa vijana ba porini, upande wa Kasugho. Si jeshi. Si polisi. Jina lake batu banalisema na mudomo karibu kufungwa.

Mama Kavuo aliingia chumbani. Hakupiga kelele — heri angepiga. Alikaa juu ya kitanda ya Ariel, ile imetandikwa.

"Mathe. Mutu anayetia maji njo anayaondoa. Nilizika bwana, sikuzaa askari. Utaenda kumuondolea."

Nikasema mama, ilikuwa teatre tu.

"Kwako."

Neno moja. Kisha alianza kulainisha blanketi na mukono, na haikuwa na mukunjo.

Nilienda kwa Mwalimu. Nilifikiri atanipiga. Alisema: "Ulikata kifo."  Kisha akasema Bolivar alikufa na miaka makumi ine na saba, umri wake yeye Mwalimu, na kwamba aliandika muchezo wote sababu ya ile sehemu ya mwisho. Sikujua. Nilifikiri aliiweka ju ya kutusumbua.

Ijumaa, 4 mwezi wa 7

Yassini ananipeleka. Sikumuomba. Alikuja tu na kofia mbili. "Mufalme anabeba Bolivar," alisema. "Andika hiyo."

Naandika.

Barrière ya kwanza, mwanajeshi: "Petit, okei wapi?" Tunaenda kununua maharagwe, chef. Barrière ya pili, maharagwe. Ya tatu, Yassini akasema maharagwe kwa niaba yangu. Kisha Lubero tuliacha njia kubwa. Matope. Halafu miti, miti tu.

"Mbona kimya?" Yassini akauliza.

"Jenerali anafikiri."

"Jenerali anatetemeka. Naisikia mupaka kwa usukani."

Kamba ya katani ilikatiza njia. Vijana na bunduki, bengine na mapanga. Mumoja wa bale bawili aliniangalia, akaruka: "Bolivar!" Akanipigia salute. 

Ariel alikuja mbio, ndani ya shati ya Mwalimu. Nilimunyooshea mukono. Akarudisha wake nyuma. Sheria yangu!

Nilifikiri Kamate ni mutu mukubwa. Ni mufupi, sauti ndogo, alikuwa anakula muhindi wa kuchoma.

"Mudogo wako ni kichwa ngumu," akasema. "Nilitaka atiwe maji ya hapa, akakataa. Eti iko na yako. Na bale bawili vilevile." Akang'oa punje, akatafuna. "Munganga wangu alitoka, hakurudi. Kesho tunashuka kupigana, na batoto banaogopa kushuka bakavu. Donc Mungu amekuleta."

Nikasema mukubwa, nilikuja tu kuchukua mudogo wangu.

"Utamuchukua. Kesho. Unyunyize bote, kisha tutaona."

Tutaona! Ile neno nilikuwa naipenda.

Pikipiki ya Yassini imeingizwa ndani ya nyumba ya Kamate. Sababu ya mvua, balisema. Mvua hakuna.

Jumamosi, 5 mwezi wa 7

Asubuhi nilimupata Ariel nyuma ya jikoni. Nikamuambia yote. Maji ya robine, nilichota mimi mwenyewe, kidumu ilikuwa ya mafuta, hata harufu ilibaki.

"Najua," akasema. "Maji yote inatoka pahali fulani. Maneno yako njo yaliitia nguvu."

"Nilitunga!"

"Yaya, mukubwa wangu, mutu hawezi kutunga vile. Nilisikia baridi ndani ya kifua. Baba hakuwa na maji. Kama alikuwa nayo —"

Hakumaliza. 

Nikamuambia Bolivar alikufa namna gani. Ugonjwa, njia, shati ya kuazima. Sawa hiyo uko unavaa, nikasema, ni ya Mwalimu. Akaangalia vifungo. 

"Kwa nini hamukucheza hiyo?"

Ningesema nini? Falonne?

Sasa niko juu ya gunia, nyuma ya jikoni. Nimemuambia Kamate ninaandika kwanza maneno ya kusema, akaheshimu. Banabeba maji toka kijito. Vijana bamejipanga. Bengine ni badogo kuliko Ariel, suruali imefungwa na kamba. Bunduki hazitoshi bote. Jua ikifika juu ya miti, banashuka.

Yassini amekaa karibu. Anasema kwa sauti ya chini: nyunyiza, Mathe, tuende. Ni maji tu.

Maji tu. Nikamuangalia. Nikakumbuka kikombe kile, nyuma ya pazia. Mutu akiikunywa, anaiua. Ariel alisema, na hakuna kijana hapa asiyejua. Nikikunywa mbele ya bote, beseni ile imekufa, na jenerali amekufa nayo. Leo hakuna atakayeshuka. Kamate atafanya nini, sijui. Ile pahali nikifika, mawazo inakataa kuendelea.

Nilimuambia Yassini sikioni. Uso ukakuwa majivu.

"Na pikipiki yangu?" akasema.  Kisha: "Kunywa mingi."

Bamekata tawi. La mukaratusi, sawa langu. Ariel njo alibaonyesha. Iko wa kwanza kwa mustari, kifua wazi, shati ya Mwalimu ameikunja vizuri juu ya jiwe. Ameniona. Meno yote nje. Nimemuambia mara ngapi askari hacheki mbele ya jenerali!

"Bolivar." Sauti ndogo ile ya Kamate.

Nimeomba kikombe kwa mupishi. Ameuliza ya nini. Nimesema koo imekauka, bila sauti hakuna jenerali. Amenipa ya plastiki, ya bulu, imepasuka kidogo juu. Naishika hivi, nyuma ya mugongo, na ninainuka —