Bomba la Moshi la Godefroid

Kambi ya Reli, Kindu
Tarehe 14 Mei 1957

Mpendwa Mjomba Okito,

Nakusalimu sana. Mgongo wako unaendeleaje? Bibi Hawa ananiuliza hilo kila asubuhi, kana kwamba mimi ndiye daktari wako. Sisi ni wazima. Mama alikuwa na homa, sasa imepungua.

Mjomba, sitakuja Albertville. Atakuja Godefroid, mwanafunzi mwenzangu.

Nilikuandikia kwamba shule itachagua lokomotivi moja ndogo ya bati, na aliyeitengeneza ataipeleka kwenye karakana yenu. Yangu ilinichukua miezi minne. Kila lokomotivi ya mazuti ilipoingia stesheni, nilisimama kando nikihesabu matundu ya hewa ubavuni, kisha nikayakata kwa wembe kwenye kopo la maziwa, moja moja. Vyuma vya kushikia nilivikunja kwa waya wa mwavuli. Hata vumbi jekundu nililipaka chini, maana lokomotivi inayofanya kazi haing'ai.

Ya Godefroid inang'aa kama sahani ya harusi. Ni kopo la siagi lililopakwa rangi, na juu yake amesimamisha bomba lenye moshi wa pamba. Nyuma amefunga kuni. Kuni, Mjomba! Na amezaliwa hatua hamsini kutoka relini.

Nilimwambia polepole kwamba injini ya mazuti huchoma mafuta ya dizeli, haichomi kuni.

«Weye Anaclet, soma vitabu vyako,» akajibu, wenzake wakicheka. «Bila moshi, watu watajua namna gani kama inatembea?»

Mwamuzi alikuwa Bwana Kabasele, karani wa stesheni, ambaye huziona lokomotivi hizo kila siku dirishani pake. Akaipapasa ile pamba. «Hii njo lokomotivi! Iko na moshi!» Kisha akainua yangu kwa vidole viwili: «Na hii chafu njo ya nani?»

Nilitaka kueleza lile vumbi. Kabla sijaanza, akaiweka chini. Mwalimu Mpoyi, ambaye anajua vizuri sana kwamba lokomotivi hizo hazichomi kuni, akaanza kukagua kofia yake.

Jana Godefroid akaja nyumbani. Magurudumu ya lokomotivi yake yanachomoka. «Weye njo fundi, ndugu yangu.» Mara moja nimekuwa ndugu! Nikamwambia ang'oe bomba kwanza. Hakutaka. Basi nikayatengeneza hivyo hivyo, kwa kuwa sikutaka ikufikie ikichechemea.

Alipokwenda kunywa maji kwa dada yangu Émilienne, nilifungua paa la lokomotivi yake. Ndani mlikuwa mtupu kabisa. Nikatoa injini kwenye lokomotivi yangu, ile ya silinda sita za matete niliyoitengeneza kwa kufuata mchoro wako, nikaibandika ndani ya yake. Alirudi, akafuta rangi kwa leso, akaondoka. Hakutazama ndani. Hajawahi kutazama ndani.

Basi mpokee vizuri, umpe chakula, umwache ajisifu mpaka achoke. Halafu, wenzako wakiwapo, inua paa. Kuna kulabu mbili upande wa kushoto. Huna haja ya kumwambia neno. Mwombe tu yeye akueleze kilichomo. Kisha uniandikie kama silinda ya tatu imekaa sawa, hiyo ilinisumbua.

Nisalimie Mama Clémentine na Jeannette. Émilienne na Bibi wanakukumbuka sana. Mungu aulinde mgongo wako na mikono yako.

Mpwa wako, mwenye kukupenda daima,
Anaclet